Fundi, Weka Rimoti Chini: Kufomati Si Matibabu

Leo siasa nimeiweka kando, Bunge nalo lipumzike kidogo. Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni "fomati".

Nenda Mbagala Rangi Tatu, nenda Tandika sokoni, vuka mji uende Mwananyamala, Tandale au Tegeta. Ingia kwenye kibanda chochote chenye dishi limeegemezwa ukutani na king'amuzi kimepasuliwa tumbo juu ya meza. Mwambie mwenye kibanda: "Fundi, risiva yangu haisomi flashi," au "Fundi, mpira niliorekodi unakwama katikati." Kabla hujamaliza sentensi ameshashika rimoti, ameshaingia kwenye menyu, na kidole kiko juu ya kitufe. "Hii tunaifomati tu bosi, itakaa sawa."

Haitakaa sawa. Au itakaa sawa siku tatu, halafu ugonjwa unarudi palepale, na wewe unarudi palepale na elfu tano nyingine mkononi. Tofauti ni kwamba safari hii kila ulichokuwa umerekodi kimeshafutwa, na pamoja nacho umefutwa ushahidi wa kilichokuwa kinaumwa.

Mnakumbuka enzi zile kila homa ilikuwa malaria? Mtoto akichemka, malaria. Kichwa kikiuma, malaria. Meza vidonge, kalale. Ilibidi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lielekeze wazi kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kwenye zahanati zetu tumeshazoea kutobolewa kidole. Kwenye vibanda vya ving'amuzi bado tupo enzi za vidonge: hakuna kipimo, kuna fomati.

Na vipimo vyenyewe si sayansi ya roketi. Ngoja niwape ninavyovijua, muone jinsi tunavyoingizwa mjini kila siku.

Tuanze na umeme. Tundu la USB la kizazi cha pili, ambalo ndilo lililoko kwenye risiva nyingi, kwa kiwango chake linatakiwa kutoa milliampea 500 kwa volti 5. Flashi inatosheka na hizo bila wasiwasi. Hadi diski ya nje, ile yenye sahani inayozunguka ndani, inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo. Ikikosa, unasikia tik-tik-tik, taa inawaka na kuzima, mara kwenye skrini inaandika imeonekana, mara imepotea. Kumbuka pia kwamba adapta ndogo ya risiva inalisha na LNB kule juu ya dishi, volti 13 au 18 zinapanda kwa waya uleule wa dishi. Adapta ikichoka, diski ndiyo ya kwanza kulia njaa. Sasa niambie, unaifomati njaa? Kipimo chake ni kuchomeka diski hiyohiyo kwenye kompyuta, au kuipa umeme wake kupitia habu yenye adapta yake. Ikitulia, mgonjwa ni adapta, diski haina kosa.

La pili ni namna diski ilivyopangwa. Flashi na diski nyingi kubwa hutoka kiwandani zikiwa exFAT au NTFS. Risiva nyingi za bei ya kwetu zinataka FAT32. NTFS nyingine hazisomi kabisa, nyingine zinasoma lakini haziwezi kuandika, na exFAT kwa risiva za zamani ni lugha ya kigeni. FAT32 nayo ina ukuta wake: faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4. Piga hesabu. Chaneli ya HD inayokuja kwa megabiti 8 kwa sekunde inakula gigabaiti 3.6 kwa saa. Ukianza kurekodi mpira unapoanza, ukuta unaufikia kama dakika ya 71, na ukitoa mapumziko, kipindi cha pili ndiyo kwanza kimekolea. Risiva iliyotengenezwa vizuri inakata faili vipande na kuendelea. Iliyotengenezwa kwa haraka inasimama tu, na wewe unaambiwa flashi ina virusi!

Nikiri hapa ndipo fomati inapokuwa dawa halali. Diski ya NTFS kwenye risiva inayotaka FAT32 lazima ipangwe upya, hakuna ujanja. Lakini hata daktari wa upasuaji anamsainisha mgonjwa kwanza. Vilivyomo vinakiliwa kwenye kompyuta, mwenye mali anaulizwa, ndipo kazi inaanza.

La tatu ndilo linalonipandisha presha. Flashi zilizochakachuliwa. Umeshaziona zimetandikwa kwenye meza za Kariakoo na kwenye vituo vya daladala: nje zimeandikwa 64, hata 512, bei ya kutupwa. Ndani mna gigabaiti 8. Mjanja amebadilisha programu ndogo inayoiongoza flashi ili iseme uongo kwa kila anayeiuliza ukubwa wake. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta nayo inaambiwa 64, inaamini. Ukirekodi mechi ya kwanza, tuseme gigabaiti 7 za saa mbili, inacheza vizuri kabisa. Unamsifia muuzaji. Unarekodi ya pili. Flashi haina pa kuiweka, lakini haisemi "nimejaa", kwa sababu imefundishwa kusema uongo. Inaandika juu ya mechi ya kwanza, au inatupa hewani. Ukifungua, picha zinaganda, sauti inakatika, faili halifunguki.

Unampelekea fundi. Fundi anafanya nini? Anafomati! Na flashi feki ikifomatiwa inaonekana imepona, maana gigabaiti 8 za mwanzo ni tupu tena. Umelipia uongo mara mbili, dukani na kibandani.

Kipimo kipo na ni cha bure. Kuna programu inaitwa H2testw ya Windows, na nyingine inaitwa F3 ya Linux na Mac. Zinaijaza flashi mpaka mdomoni, halafu zinasoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Feki haina pa kujificha. Unachohitaji ni muda tu: flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itakula karibu saa moja na dakika 50 kuandikwa peke yake. Iache ikijipima wakati unakula.

La nne ni mtego wa kompyuta yenyewe. Risiva nyingine hutumia Linux ndani, na hupanga diski kwa mfumo wa Linux, kama ext3 au ext4. Ukiichomeka diski hiyo kwenye Windows, Windows haiitambui, inakurushia ujumbe: lazima uifomati kabla ya kuitumia. Watu wanabonyeza ndiyo! Jamani, kompyuta haijasema diski ni mbovu. Imesema haijui kuisoma. Mtu asiyejua Kiarabu akipewa kitabu cha Kiarabu, tunakichoma kitabu? Tafuta mwenye Linux aichomeke, mara nyingi utakuta mafaili yamekaa yanakusubiri. Na ving'amuzi vya kulipia vyenye diski ndani, mfano Explora ya DStv iliyotoka mwaka 2013, vinarekodi kwa kufunga kwa siri inayotegemea king'amuzi chenyewe. Ukiichomoa diski ukaipeleka kwenye kompyuta hutaona picha. Hiyo haina maana kwamba imekufa.

Na la tano ni umeme kukatika katikati ya kurekodi, jambo ambalo sihitaji kumfundisha mtu aliyepitia mgao wa 2006 na wa 2011. Faili linabaki wazi, daftari la diski linachanganyikiwa. Hapo kinachohitajika ni ukaguzi wa makosa kwenye kompyuta, baada ya kuokoa kinachookoleka. Ongeza na mapenzi yetu ya vitambaa vya kufuma. King'amuzi kimefunikwa, juu yake diski, juu ya diski kitambaa kingine, joto la Dar linamalizia kazi. Kitambaa kizuri, ndiyo, lakini hicho ni chombo cha umeme, hakihitaji blanketi.

Nimeshasikia utetezi. Wa kwanza unasema: "Wewe mwandishi una matatizo, hii ni TV tu." TV tu? Namfahamu mama mmoja wa Mtoni ambaye kwaya yake ilionyeshwa Jumapili moja kwenye televisheni, na aliyesimama mstari wa mbele ni mdogo wake ambaye sasa ni marehemu. Faili lilikuwa kwenye flashi. Flashi ilipelekwa kwa fundi kwa sababu risiva ilikuwa haiisomi. Ilirudi inasomeka vizuri sana, nyeupe kama karatasi. Fundi alimwambia, "Mama, sasa ipo kama mpya." Kwake ilikuwa sifa.

Mwingine ana fainali ya Yanga na USM Alger ya Juni 3, 2023, ile tuliyoshinda 1-0 kulekule Algiers na kombe likaenda kwa wenyeji kwa bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 hapa nyumbani. Najua, ipo mtandaoni vipande vipande. Lakini siyo kila mtu wa Mbagala ana bando la kuangalia dakika 90. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, tuliambiwa king'amuzi ndiyo maendeleo. Kitufe cha kurekodi ni sehemu ya maendeleo hayo, na tumekilipia. Tena flashi ileile jioni inarekodi taarifa ya habari, asubuhi inabeba wasifu wa kijana anayetafuta kazi na picha za harusi ya dada yake. Unapobonyeza fomati hujui unafuta nini.

Utetezi wa pili una uzito zaidi, nao ni wa mafundi. Wanasema mteja anataka kazi ya dakika tano na analipa hela ya dakika tano. Ukimwambia uiache flashi nipime saa mbili, anakwenda kibanda cha jirani. Kweli kabisa, na hapo wateja tunastahili lawama. Tunalipia skrubu ikifunguliwa, hatulipii akili. Tunataka tuone kitu kimefanyika. Lakini bei ndogo inaruhusu kazi ndogo, hairuhusu kuharibu mali ya mtu. Kusema "sina muda wa kupima, ipeleke kwingine" ni bure. Na kuuliza "humu kuna kitu unachokihitaji?" kunachukua sekunde nne.

Wa tatu ni muuzaji, na yeye hana hata utetezi, ana kibao: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Hivi kibao hicho kina nguvu kuliko sheria? Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Kuandika 64 kwenye kitu cha 8 si makosa ya uchapaji. Na tuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na bidhaa bandia. Flashi nazo ni bidhaa. Shida ni kwamba mnunuzi hana risiti, na hana kipimo cha kuonyesha. Anarudi dukani na hasira tu, na hasira haithibitishi kitu.

Kwa hiyo nasema hivi. Fundi, usiguse fomati mpaka mwenye mali amekwambia kwa mdomo wake kwamba anajua kila kitu kitafutika na amekubali. Kabla ya hapo pima adapta, badilisha waya, jaribu flashi nyingine kwenye risiva hiyo, jaribu flashi hiyo kwenye kompyuta. Hiyo ni robo saa. Muuzaji, mpe mteja risiti na siku saba akaipime nyumbani. Kama unaamini unachouza, unaogopa nini? Na wewe mteja, dai risiti, pima flashi mpya kabla hujaiaminia kumbukumbu zako, bonyeza stopu kabla ya kuchomoa, na kile usichotaka kukipoteza kiweke sehemu mbili.

Na kama fundi ameshabonyeza? Ichomoe hapohapo, usirekodi kitu kingine juu yake. Fomati ya haraka mara nyingi hufuta orodha ya mafaili, mafaili yenyewe yanabaki mpaka yaandikwe juu. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec zimeshaokoa mengi. Kila dakika unayoendelea kuitumia flashi hiyo ndiyo inayomaliza matumaini.

Hatuwezi kuwa jiji la mamilioni ya watu ambalo tiba yake ya kila kitu ni kufuta.

Naomba kutoa hoja.