Nguo si Somo la Walioshindwa

Nasema wazi, na asiyependa avumilie: dharau yetu kwa kazi ya nguo ni ujinga unaotugharimu. Hapa Kabalagala ninapokaa, cherehani zinalia tangu asubuhi na mafundi wanatuvalisha sote. Lakini kijana akisema anataka kusomea uhandisi wa nguo kule Busitema, huulizwa kama alikosa alama za udaktari.

Basi wanaomcheka watazame angani. Chombo kinachoingia katika hewa ya Zuhura au Mirihi huenda kasi mno, na hewa iliyo mbele yake hugandamizwa hadi kuwa moto mkali. Kisipokuwa na ngao, kitateketea. Ngao ngumu nayo haiwezi kuwa pana kuliko roketi inayoibeba. NASA walipata dawa kwenye kitambaa: nyuzi za kaboni zilizofumwa tabaka juu ya tabaka, zikatandazwa juu ya mbavu kama mwavuli. Hukunjwa safarini, hufunguliwa angani. Tabaka za nje huungua polepole, za ndani hushikilia. Ngao ikiwa pana, chombo hupunguza mwendo mapema, hewa ikiwa bado nyepesi, na joto huwa dogo zaidi.

Tarehe 12 Septemba 2018, mwavuli wa namna hiyo uitwao ADEPT, wenye upana wa sentimita 70, ulirushwa kwa roketi kutoka New Mexico, Marekani, ukafunguka huko juu na kushuka. Safari hiyo ilipima kufunguka na kutulia kwake. Joto lilikuwa limepimwa maabarani, kwa kupuliziwa upepo wa moto.

Mtaniambia hayo ni ya matajiri. Sikubali. Kampuni ya Bally Ribbon Mills ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1923, ni ya wafuma riboni. Kazi ya mitambo yake ilikuwamo katika ngao ya Orion, chombo kilichozunguka Mwezi mwaka 2022.

Mwaka huohuo tulishangilia setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1. Vema. Lakini pamba yetu nyingi bado tunaiuza nje ikiwa ghafi, kisha tunakwenda Owino kununua mitumba. Tunatazama juu na kukanyaga tulichonacho.

Anayejua uzi wake utakatika kwa uzito gani, na utaungua kwa joto gani, ni mwanasayansi. Wazazi, mpeni baraka. Serikali, mpeni maabara ya kupimia.