Jina la faili nalo lina upatanisho

Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba nomino hutawala sentensi: kitabu kikubwa kimeanguka. Hakuna anayeandika pembeni kwamba kivumishi hiki ni cha nomino ile. Umbo lenyewe linasema. Nadai kwamba kurasa zetu za msamiati kwenye kompyuta ziendeshwe vivyo hivyo.

Leo kila ukurasa wetu wa HTML hubeba mstari unaotaja faili lake la CSS, yaani faili la mtindo linalopanga fonti, ukubwa na rangi. Mstari huo tunauandika kwa mkono. Mwaka jana mwenzetu alinakili ukurasa wa Kiswahili ili aandae wa Lingala, akasahau kuubadilisha. Alama za toni zikabanwa hadi zisisomeke, na moto, yaani mtu, lisitofautiane tena na motó, yaani kichwa. Hapo halikuharibika pambo, iliharibika maana.

Dawa ni kanuni ya majina: ukurasa lingala.html upate faili lingala.css. Kivinjari hakifanyi kazi hiyo chenyewe. Programu ndogo inayotayarisha kurasa ndiyo isome jina la ukurasa, itafute faili la mtindo lenye jina hilohilo, kisha iandike mstari wa kiungo. Isipolipata, itumie mtindo wa wote.

Wapo wanaonipinga: sheria isiyoonekana humpotosha mgeni. Hawakosei. Linux kwa kawaida hutofautisha Lingala.css na lingala.css, Windows haitofautishi. Ukurasa uliopendeza nyumbani waweza kufika kwenye seva bila mtindo wake. Kwa hiyo sheria iandikwe mahali pa kuonekana, ndani ya folda yenyewe: herufi ndogo tupu, bila nafasi kati ya maneno.

Tena tuache nafasi ya pekee. Kiongozi lina ki-, lakini twasema kiongozi amefika, si kimefika. Sarufi yetu inajua kwamba umbo halimalizi yote. Ukurasa ambao mwandishi wake ameutajia mtindo waziwazi usikilizwe kwanza.

Sisi tutapata diploma zetu na kuondoka, kurasa zitabaki. Atakayeongeza lugha ya kwao baada yetu asilazimike kututafuta. Alipe faili jina sahihi, na mengine yafuate.