Usinunue jina
Ukienda kutafuta baiskeli ya mbio, muuzaji ataanza na jina lililoandikwa kwenye fremu. Mwache amalize. Giant ya Taiwan, inayotamba leo, ilianzishwa 1972 na kwa miaka iliwaundia wengine baiskeli, wakiwamo Schwinn wa Marekani, huku waendeshaji wakiwa hawaijui. Ndiyo maana chapa ngeni hainitishi, mradi gia zake ni za Shimano, hata zile za daraja la Claris zenye ngazi 8 nyuma. Mafundi wengi wamezizoea. Fedha utakayookoa kwenye jina iende kwenye starehe, na starehe ni vipimo: fremu ikutoshe, usukani uwe juu kidogo usikunje mgongo, na uma upitishe tairi la milimita 32. Tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi humeza mitikisiko kuliko fremu ya kaboni ya bei mbaya (na wengi wetu, tuseme kweli, hatushindani na mtu). Alumini inatosha. Usilipe kabla hujaiendesha barabarani; muuzaji akikataa, nenda duka jingine.