Droni za Kuchaji: Hesabu Kwanza

Wawekezaji wadogo wanaovutiwa na ndege zisizo na rubani, yaani droni, za kuchaji bila waya vifaa vya kupimia maji au hali ya hewa, wapige hesabu kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, wameonyesha kuwa inawezekana. Lakini droni lazima ikikaribie sana kifaa, na sehemu ya umeme hupotea njiani.

Kifaa kikifungwa Kawe, fundi hukifikia kwa bajaji akiwa na betri mpya. Visiwani ni tofauti: mwaka 2018 droni ya DHL ilipeleka dawa Ukerewe, kilometa 60, kwa dakika 40.

Faida iko pale nauli inapozidi bei ya betri. Kwingineko, fedha zibaki mfukoni.