Mirerani ina ukuta, sasa ipate elimu ya fuwele

Mwaka 1967 nyanda za Simanjiro, kusini mwa Mlima Kilimanjaro, zilitoa vito viwili ambavyo soko la dunia lilikuwa halijapata kuviona. Mirerani ilitoa tanzanaiti, ya buluu na zambarau. Komolo, si mbali na hapo, mwanajiolojia Campbell Bridges alikuta ganeti ya kijani kibichi ambayo miaka michache baadaye aliikuta tena upande wa Kenya, karibu na hifadhi ya Tsavo, na ndiyo maana leo inaitwa tsavoraiti. Anayeviona kwa sonara hawezi kudhani kwamba vina undugu wowote. Lakini rangi ya vyote viwili hutokana hasa na metali moja, vanadiamu, iliyojipenyeza kwa kiasi kidogo sana mahali ambapo ingekaa aluminiamu.

Iweje metali ileile ilete buluu huku na kijani kule? Jibu limo katika fuwele, yaani katika namna atomi zilivyojipanga ndani ya jiwe. Kwenye mawe yote mawili vanadiamu imezungukwa na atomi sita za oksijeni. Ndani ya ganeti atomi hizo zimekaa karibu kwa ulinganifu pande zote. Ndani ya tanzanaiti mpangilio umepindika: nyingine zimesogea karibu, nyingine zimevutika mbali. Upindaji huo mdogo ndio unaoamua ni sehemu gani ya mwanga wa jua itamezwa na jiwe na ipi itafika machoni pa mnunuzi.

Hapo ndipo sera ya vito ya Tanzania inapopungukiwa.

Serikali imefanya kazi kubwa ya kulinda mawe yenyewe. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24 kuzunguka migodi ya Mirerani, na faida yake ilionekana: mwaka 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja likizidi kilo 9, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7 hadharani. Miaka ya nyuma mawe ya aina hiyo yangeweza kupita porini usiku, na nchi isipate kitu. Ukuta huo ulistahili kujengwa. Lakini ukuta humzuia mtu mwenye mzigo. Hauwezi kumpa mchimbaji wala dalali ujuzi wa kusoma jiwe aliloshika mkononi. Mji wa Jaipur nchini India hauna mgodi hata mmoja wa tanzanaiti, na bado umejijengea jina kwa kuikata.

Ugumu wa kuikata si mdogo. Tanzanaiti ina rangi tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikionekana kwa upande wake: ukiitazama hivi ni buluu, ukiigeuza ni zambarau, ukiigeuza tena ni kahawia au ya njanomanjano. Mkataji anapolipokea jiwe ghafi hana budi kuamua uso wa kito utazame upande upi. Mara nyingi upande unaotoa buluu iliyokolea humlazimu apoteze sehemu kubwa ya jiwe, na upande wa zambarau humwachia kito kikubwa zaidi. Uzito au rangi? Hesabu hiyo hufanywa kabla jiwe halijagusa mashine, na asiyejua mielekeo ya fuwele anabahatisha tu. Zaidi ya hapo, tanzanaiti ina mwelekeo mmoja ambao vifungo kati ya atomi zake ni dhaifu. Ikipata kishindo upande huo hupasuka, tena hupasuka vizuri, uso wote ukiwa laini, na kazi ya siku nzima inaishia hapo.

Halafu kuna moto. Karibu tanzanaiti yote inayouzwa duniani imechomwa, na hakuna sababu ya kulinong'oneza jambo hili kana kwamba ni udanganyifu. Katika joto la nyuzi kama 500 hadi 600 za Selisiasi ule ukahawia hutoweka, zikabaki buluu na zambarau. Mpangilio wa atomi haubadiliki. Hubadilika hali ya elektroni katika metali zilizomo humo, na rangi mpya hudumu. Lakini jiwe lenye nyufa au vijipovu vya kimiminika ndani yake linaweza kupasuka kwenye tanuri. Mchimbaji anayejua hilo hulikagua jiwe lake kwanza na kuliondolea sehemu mbovu. Asiyejua huliuza likiwa kahawia, kwa bei ya kahawia, na aliyelinunua akalichoma na kuvuna tofauti.

Ujuzi huohuo ndio kinga dhidi ya mawe bandia. Kioo cha buluu kinafanana sana na tanzanaiti, ila kioo si fuwele: atomi zake hazina mpangilio unaojirudia, kwa hiyo kina rangi moja tu popote utakapokigeuzia. Kuna kifaa kidogo cha mkononi, kinaenea mfukoni, kinachomwonyesha mtazamaji rangi mbili za jiwe zikiwa bega kwa bega. Kwa sekunde chache kioo kinaumbuka. Forsteraiti inayotengenezwa maabara ni mjanja zaidi kwa sababu nayo ni fuwele na hubadili rangi. Hata hivyo huugawanya mwanga kwa nguvu kuliko tanzanaiti, na kwa lenzi ya sonara kingo za nyuma ya jiwe huonekana zimerudufika. Haya yote kijana wa kidato cha nne anaweza kuyajifunza na kuyafanya.

Bahati ni kwamba nchi ina mifano ya kufundishia kuliko nchi nyingi. Mwalimu wa kemia anayeeleza kaboni hahitaji kwenda mbali. Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, kuna almasi, ambamo kila atomi ya kaboni imeshikana na nyingine nne kila upande, ndiyo maana ni ngumu kupindukia. Mahenge, wilayani Ulanga mkoani Morogoro, kuna madini ya kinywe: kaboni ileile, lakini imekaa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari, zikishikana kwa nguvu hafifu. Ndiyo sababu kinywe huacha alama kwenye karatasi, na ndiyo sababu ioni za lithiamu huweza kuingia na kutoka kati ya tabaka hizo kila betri ya simu au ya gari inapochajiwa na kutumika. Na ile almasi ya waridi ya Mwadui aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, ya karati 54.5 kabla ya kukatwa, haikupata rangi yake kwa kuchanganyika na metali yoyote. Waridi wa almasi za namna hiyo hutokana na fuwele kukunjwa na mikandamizo mikubwa chini ya ardhi.

Taasisi za kubeba kazi hii zipo. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na hapohapo kuna Taasisi ya Nelson Mandela inayosomesha sayansi ya nyenzo hadi shahada ya uzamivu. Kinachokosekana ni daraja la kushuka kutoka huko hadi kwa mchimbaji mdogo, dalali na mwanafunzi wa sekondari. Leseni ya udalali wa vito iambatane na mafunzo mafupi ya fuwele, kwa Kiswahili, yenye mtihani wa vitendo. Kila soko la madini liwe na meza ya lenzi, kifaa cha rangi na mizani ya kupimia msongamano, mchimbaji aitumie bila malipo kabla ya kutaja bei. Na shule za sekondari za Simanjiro, Ulanga na Kishapu zipewe mabaki ya mawe ya wilaya zao yasiyo na soko, ili somo la kaboni na silika lifundishwe kwa kilichochimbwa jirani. Gharama ya vifaa vyote hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ukuta, na bajeti ijayo ya Wizara ya Madini ndiyo mahali pa kuanzia.