Kipimo Kiheshimiwe Majini Kama Shambani

Kisiwa cha Ukara, kilichoko kaskazini ya Ukerewe katika Ziwa Victoria, kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 80 tu. Ardhi yake kubwa ni ya mchanga uliotokana na majabali, wala haikujaliwa rutuba nyingi. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kisiwa hicho kilikuwa tayari kinalisha watu wapatao 200 kwa kila kilomita ya mraba, hali iliyokuwa nadra kuonekana vijijini katika Tanganyika ya siku zile. Jambo hilo halikuwa muujiza. Lilikuwa ni tunda la jasho, na zaidi ya jasho lilikuwa ni tunda la kipimo.

Yafaa vijana wetu wakumbushwe jinsi wazee walivyoishi. Mkara alimfuga ng'ombe wake ndani ya nyumba, katika zizi lililochimbwa chini, akamletea majani na maji. Samadi ilikusanywa ikabebwa hadi shambani, kikapu baada ya kikapu, mwaka baada ya mwaka. Uwele ulipandwa, na kati yake ukapandwa mmea wa marejea ambao baadaye ulifukiwa ili kuirudishia ardhi nguvu zake. Njugu mawe nazo zikapata zamu yao. Penye miteremko yalijengwa matuta ya mawe ili udongo usichukuliwe na mvua. Kandokando ya maji yalichimbwa mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo. Miti ilikuwa na wenyewe, na hata majani ya malisho yalikuwa na wenyewe. Kila mtu alijua haki yake inaanzia wapi na inakoma wapi.

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliyaandika hayo yote kwa mshangao. Wale waliozoea kumfundisha Mwafrika jembe, safari hii walikuwa wanafunzi. Lakini lipo jambo jingine ambalo halina budi kutajwa. Wakara waliohamia bara, wakakuta ardhi tele, wengi wao waliiacha kazi ile ngumu ya kubeba samadi. Hawakuwa wamegeuka kuwa wavivu. Binadamu hupima pale anapouona ukomo kwa macho yake, na Ukara ukomo unaonekana kila kunapokucha: ni maji, mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Ndiyo maana msiba wa Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018 unatuuma hadi leo. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio huko Bugorora. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101 na mzigo wa tani 25, kiliondoka Bugorora kuelekea Bwisya kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwasubiri wenzao. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuwa ushahidi: waliokufa walikuwa mara mbili ya wale ambao chombo kilistahili kuwabeba. Kisiwa kilichopima kila kikapu cha samadi kilizikwa na chombo kisichopimwa.

Wala msiba huo haukuwa wa kwanza. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya watu. Septemba 2011 ndugu zetu wa Unguja na Pemba walifikwa na msiba wa MV Spice Islander. Kila mara tulilia, tuliomboleza, tukaunda tume. Na kila mara neno lile lile lilirudi: chombo kilijazwa kupita kiasi.

Wapo wanaosema kwamba kosa ni la abiria, kwa kuwa hawasikii. Sisi hatukubaliani na maneno hayo mepesi. Mama aliyeuza dagaa wake gulioni, akanunua unga na sabuni, ana watoto wanaomngoja ng'ambo. Ikiwa hajui kivuko kitarudi saa ngapi, au kama kitarudi kabisa, hawezi kukubali kuachwa. Atasukuma, kama ambavyo yeyote kati yetu angesukuma. Abiria akiwa na hakika ya safari ya pili, ataingoja. Kwa hiyo nidhamu ya gatini haianzi kwa abiria. Inaanza kwa ratiba ya kuaminika.

Hata hivyo, wananchi wa visiwani nao hawawezi kunawa mikono. Yule anayemlaani nahodha baada ya ajali, aghalabu ndiye aliyemtukana wiki moja kabla yake kwa kukataa kumpakia. Na sisi tulio katika uongozi tuseme kweli hata kama ni chungu. Wapo viongozi wanaofika gatini wamechelewa, chombo kimekwisha jaa, nao wakaamuru wapakiwe wao, wafuasi wao na gari lao. Kiongozi wa namna hiyo amewafundisha watu wote waliomwona kwamba kipimo ni cha wanyonge.

Ziwa lenyewe linatukumbusha jambo hilo hilo. Sangara, aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni na kuongezeka mno katika miaka ya 1980, aliwamaliza furu wa aina nyingi, lakini pia aliwapa watu wetu fedha na viwanda. Leo sangara naye anavuliwa angali mchanga, na makokoro yanaendelea kuburutwa ijapokuwa sheria imeyakataza. Anayevua mazalia leo anamnyima mtoto wake mboga ya kesho. Ni ulafi ule ule, wa kuchukua zaidi ya kiasi.

Kivuko kingine kikubwa zaidi, MV Ukara II, kilijengwa kushika nafasi ya kile kilichozama. Tunalishukuru Taifa kwa kazi hiyo. Lakini ukubwa wa chombo si dawa. Chombo kikubwa kisichohesabiwa abiria huzamisha watu wengi zaidi.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa viongozi wa Chama na Serikali wahakikishe mambo manne. Kwanza, abiria wahesabiwe na kuandikwa majina katika kila gati, kila safari. Pili, siku za gulio safari ziongezwe na ratiba ibandikwe mahali pa wazi. Tatu, msimamizi wa gati apewe mamlaka ya kusema "kimejaa", na neno lake liwe la mwisho, hata kama anayetaka kupanda ni mkubwa wake. Nne, mitumbwi ya abiria isisahauliwe, kwa kuwa visiwa vidogo vingi havina kivuko chochote, na kila anayepanda apatiwe boya la kuvaa.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, mwito wetu ni mmoja tu. Wazee wenu hawakulishwa na mtu. Walijilisha wenyewe juu ya ardhi maskini, kwa kuwa walijua kiasi na walikataa kukivuka. Urithi huo msiuache shambani. Chukueni nao mpaka gatini, na msimamizi atakaposema kimejaa, mrudisheni nyuma yule anayesukuma, awe jirani au awe kiongozi.