Shamba la kimila ni mali, Mahakama ilishasema

WAKULIMA wengi bado wanaamini kuwa Bunge likishapitisha sheria, hakuna tena pa kukimbilia. Serikali ikisema shamba si lako, basi si lako. Wakulima wawili wa mkoani Arusha, baba na mwanawe, walikataa kuamini hivyo, na kesi yao inamhusu kila anayelima bila hati.

Chanzo ni Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na mashamba ya baadhi yao wakagawiwa wengine. Miaka ya 1980 wenyewe wakaanza kudai mahakamani. Hawa wawili walifungua kesi mwaka 1987, wakashinda, na mwaka 1990 wakarudishiwa shamba lao. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992.

Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vya operesheni, ikakataza fidia, ikafuta kesi zilizokuwa zikiendelea na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Yaani umeshinda kesi, umeshapanda na kuvuna, kisha unaambiwa hukumu yako ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Wakaenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria inakiuka Katiba. Wakashinda, Serikali ikakata rufaa. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na haichukuliwi bila fidia inayostahili. Kusema vinginevyo, alieleza Jaji Mkuu, kungewafanya Watanzania walio wengi wawe kama wavamizi ndani ya nchi yao. Tena fidia haiishii kwenye nyumba na miti. Jasho ulilomwaga kuifanyia kazi ardhi nalo linahesabiwa.

Mahakama haikuitupa sheria nzima. Iling'oa vifungu vilivyopingana na Katiba, vingine ikaviacha. Wapo waliolaumu, lakini mimi naona ilifanya vyema, kwani hata waliogawiwa mashamba hayo walikuwa wamekwisha kupanda na kujenga, na wao si wezi.

Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo inaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati ya Serikali. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuweka shamba dhamana ya mkopo anajua uzito wa jambo hilo, ingawa kuzishawishi benki ni kazi nyingine.

Hata hivyo, Mahakama haimfuati mtu nyumbani. Ni lazima kuwe na mlalamikaji. Na hata ukishinda, Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Wewe mkulima unasubiri na msimu unapita.

Kisha yakaja marekebisho ya mwaka 2020. Yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Hapo sikukubaliana nayo. Katiba inasema mtu anaweza kwenda Mahakama Kuu hata pale haki inapoelekea kuvunjwa. Je, tungesubiri hadi trekta la mtu mwingine liingie kwenye mahindi ndipo tuape?

Chama cha msingi au kikundi cha wakulima kinachotaka kupinga sheria kianze kwa kumtafuta mwanachama aliyeguswa hasa, mwenye muhtasari wa halmashauri ya kijiji uliompa shamba, majirani wanaoijua mipaka, na risiti za mauzo ya mazao yake. Asiye na muhtasari akauombe ofisi ya kijiji mapema, kabla mgogoro haujaanza.